Mwendesha Baiskeli Akae Kushoto

Siwema alikuwa na mazoea ya kubana breki mara tatu kabla ya kupanda baiskeli. Mara ya kwanza kwa ajili ya mteremko wa darajani, mara ya pili kwa ajili ya malori ya mchanga, na mara ya tatu kwa ajili ya mama yake, ambaye hakuweza kumaliza chai yake mpaka ausikie ule mlio wa breki. Kisha alibonyeza matairi kwa kidole gumba, akapiga kengele, akajifunga mgongoni kitambaa cha manjano kilichoonekana kutoka mbali hata na dereva aliyesinzia. Siku za Alhamisi aliongeza jambo moja: alipitia bohari ya dawa ya mjini, akapewa sanduku la buluu lenye chanjo na barafu, akalifunga kwenye keria kwa mipira miwili, akaanza safari ya kilomita kumi na nne kwenda zahanati ya Mtakuja, ambako akina mama walikuwa wakimngoja na watoto wao mapajani.

Alhamisi moja alikuwa ameshavuka daraja, amebana ukingo wa kushoto wa lami kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, akiyakwepa mashimo ambayo aliyajua kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni mwake, mara filimbi ikalia.

“Kaa!”

Alifunga breki. Mbele yake, palepale pembeni pa lami anapopita siku zote, palikuwa na benchi jipya, rangi yake haijakauka. Kando ya benchi alisimama kijana aliyevaa sare iliyompwaya mabegani.

“Kaa, dada,” kijana akarudia, safari hii kwa upole.

“Nikae wapi?”

“Kushoto.”

“Mbona nipo kushoto?”

“Upo,” kijana alikubali, “lakini hujakaa.”

*

Nchi hiyo haina haja ya kutajwa, maana wenyewe hawapendi makuu. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na Wizara ya Usalama Barabarani yenye magari arobaini na mawili, yote ya mwendo kasi, na barabara moja iliyoitwa Barabara Kuu Namba Moja ili wananchi waendelee kuitumainia Namba Mbili.

Mwaka ule waendesha baiskeli kadhaa walikuwa wamegongwa kwenye barabara hiyo. Wizara ilisikitika sana, ikaahidi kuwatafuta madereva waliohusika, ikianza na wale ambao si wa Wizara. Walipokosekana wa namna hiyo, ikaonekana ni vyema Waziri atoe hotuba.

Waziri, Mheshimiwa Makorongo, alikuwa mtu mnene, mwenye tabia njema na kifua kilichombana. Kila baada ya maneno manne matano ilimbidi anyamaze avute pumzi. Lingekuwa jambo dogo kama si desturi ya nchi ile, kwamba kiongozi akinyamaza hupigiwa makofi. Haikuwa sheria. Ilikuwa adabu tu, ila adabu yenyewe ilikuwa na faini. Hivyo hotuba ambayo mtu mwenye mapafu mazima angeimaliza kwa robo saa, Mheshimiwa Makorongo aliimaliza kwa nusu siku, na mara nyingi hakuimaliza.

Siku hiyo alisimama jukwaani, akajikunjua, akasema, “Mwendesha baiskeli akae kushoto...”

Akavuta pumzi.

Makofi yalipigwa kwa dakika tisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Bendi ya matarumbeta, iliyokuwa imeambiwa ipige mara makofi yatakapozidi, ikapiga. Mpishi alipoisikia bendi akadhani hotuba imekwisha, akapakua pilau. Kelele zilipotulia Waziri alikuwa ameshashikishwa sahani, na hakuna mtu muungwana anayehutubia na mnofu mkononi.

Maneno manne yakapelekwa kwenye Kamati ya Kufafanua Kauli.

Kamati ilikaa siku kumi na moja mahali penye upepo mzuri. Mtaalamu wa kwanza alishikilia kwamba kukaa ni kuishi, kwa hiyo kila mwenye baiskeli ahamishie nyumba yake upande wa kushoto wa barabara. Hoja yake ilikwama pale karani aliponong’ona kwamba kushoto kwa anayekwenda ni kulia kwa anayerudi. Wa pili alisema kukaa ni kudumu, akasinzia, akadumu hivyohivyo hadi mwisho wa kikao. Wa tatu alisema kukaa ni kuweka makalio juu ya kitu. Wa tatu alishinda, kwa sababu makalio yanaweza kukaguliwa.

Hakuna aliyependekeza kumuuliza Waziri. Katika kila ofisi ya nchi ile, juu kidogo ya saa iliyosimama, palikuwa na kibao kilichoandikwa: KAULI HAIULIZWI.

Simu za maandishi zikatumwa wilayani: WAENDESHA BAISKELI KAA KUSHOTO. Wilaya moja ya bara ilielewa vibaya, ikamwamuru kila mwananchi afunge kipande cha mkaa upande wa kushoto wa usukani. Na wilaya ya pwani, ambako kaa ana magando na hutembea kiubavu, tusiizungumzie.

Kwingineko yakajengwa mabenchi.

*

Kutoka bohari hadi Mtakuja yalikuwa mabenchi saba, na kila benchi lilikuwa na dakika ishirini za lazima na fomu moja. Fomu iliuliza jina, aina ya baiskeli, na kama mhusika amekaa kwa hiari yake. Majibu ya kuchagua yalikuwa mawili: Ndiyo, na Ndiyo Sana. Kwenye kiegemeo cha kila benchi palichorwa uso wa Waziri akitabasamu, hivyo mtu akichoka akiegemea alimziba macho. Kwa sababu hiyo ilipita amri kwamba mtu asiegemee.

Siwema alipiga hesabu. Saa moja ya kukanyaga pedali, na saa mbili na dakika ishirini za kukaa. Sanduku lake lilikuwa kuukuu, mfuniko umelegea, na barafu yake haikuzidi saa tatu. Alhamisi ya kwanza alifika Mtakuja, akatazama kipimajoto kilichomo ndani, akakuta chanjo zimeshapata joto. Akina mama walifungasha watoto wao, wakarudi makwao bila lawama, jambo lililomuumiza kuliko lawama. Alhamisi ya pili ikawa vilevile. Ijumaa yake akapokea barua kutoka kwa Mganga Mkuu: chanjo zikiharibika mara ya tatu, huduma itaondolewa Mtakuja, na akina mama watazifuata mjini.

Kilomita kumi na nne, mtoto mgongoni, jua utosini. Aliikunja barua akaitia mkobani, na tangu siku hiyo hakupenda kuufungua mkoba.

“Kamuulize Waziri mwenyewe,” Mzee Ngwali alimwambia Siwema. Huyu alikuwa muuza maziwa aliyekuwa akikutana naye kwenye benchi la kwanza. Ngwali alikuwa na madumu mawili kwenye baiskeli na maneno mengi kuliko maziwa. “Wewe umesoma chuo, mwanangu. Kaulize, huyu bwana alikuwa na maana gani.”

Siwema aliinama akachezea kengele. Hapa inafaa ijulikane kwamba Siwema alikuwa na haya za kupindukia. Kwa miaka miwili alikunywa soda ya nanasi asiyoipenda kwa sababu siku ya kwanza aliomba ya chungwa, muuzaji akasikia vibaya, na yeye hakuweza kusema. Sasa muuzaji akimwona tu anaifungua ya nanasi na kumwita “mteja wangu wa nanasi”. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda wizarani.

“Kauli haiulizwi, mzee,” alisema Tindo, yule kijana wa sare. Cheo chake kilikuwa Afisa Mkalishaji Daraja la Tatu. Kabla ya hapo alikuwa fundi baiskeli, na aliposikia wateja wake watakalishwa akaona heri aajiriwe kuwakalisha.

“Wewe Tindo nyamaza. Jana nyanya yako kapita na baiskeli, ukamkalisha.”

“Nilimkalisha kwa heshima. Nilimpa shikamoo kwanza.”

“Na mimi maziwa yangu je? Tangu serikali ianze kunilinda nauza mtindi.”

“Si unauzika?”

“Unauzika! Lakini mimi sikusomea mtindi!”

Tindo alicheka, kisha akamgeukia Siwema, akashusha sauti. “Dada Siwema, ningeweza ningekuachia. Ila nikikuachia, na mimi nitakalishwa.” Akavua kofia yake ya kazi akalifunika sanduku la buluu ili lisipigwe na jua. Ndicho alichoweza. Halafu, kwa kuwa mikono ya fundi haikai bure, akainama akamkazia mnyororo.

*

Ni haki kusema kwamba mpango ulifaulu. Taarifa ya Wizara ilionyesha kuwa ajali za baiskeli zimepungua kwa asilimia tisini na moja, maana baiskeli nyingi hazikuwa zikitembea. Asilimia tisa zilizobaki ni za waliogonga mabenchi. Wajumbe kutoka nchi tatu jirani walikuja kujifunza, wakaondoka na benchi moja moja la mfano. Na kwa vile mabenchi yaliziba ukingo wote wa lami, waendesha baiskeli waliomaliza dakika zao ilibidi wayazunguke kwa kuingia katikati ya barabara, mbele ya malori, jambo ambalo Wizara iliahidi kulishughulikia kwa kuongeza mabenchi.

Ikatangazwa sherehe. Waziri mwenyewe angekuja kwenye benchi la kwanza, lililo ng’ambo ya daraja, apande baiskeli hatua mia moja, kisha akae kushoto mbele ya taifa. Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi, ya tatu kwa Siwema.

Siwema alifika pale saa moja na nusu, sanduku likiwa na nusu saa tangu litoke bohari. Njia ilikuwa imefungwa kwa utepe. Waendesha baiskeli walikuwa wamepangwa chini kwenye majani, wamekaa, wamechanwa nywele.

“Hapiti mtu mpaka Mheshimiwa akae,” Tindo alimwambia, uso umemsawijika. “Atafika sasa hivi.”

Sasa hivi ya nchi ile ilichukua saa moja na robo.

Siwema hakuthubutu kufungua sanduku, maana kila linapofunguliwa linapoteza baridi. Alilitikisa kidogo akasikiliza. Asubuhi barafu iligonga kama kokoto. Sasa iligonga kama punje za mahindi. Mzee Ngwali alitikisa dumu lake naye, akasikiliza, akasema, “Mtindi.” Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Msafara ukatokea juu ya mteremko, magari kumi na manne kwa kasi ambayo ingewatia wasiwasi hata ndege. Waziri akateremka. Akaletewa baiskeli mpya, nyekundu, imefungwa riboni.

Na hapo likatokea jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba: Mheshimiwa Makorongo alifurahi. Utotoni alikuwa akienda shule kwa baiskeli, maili sita asubuhi na sita jioni, na miguu haikuwa imesahau. Alipanda bila kusaidiwa. Alipiga kengele, akaipiga tena bila sababu. Akaanza kukanyaga pedali, tai ikipepea begani, akatabasamu kwa namna ambayo mchoraji wa mabenchi hakuwahi kuipata.

Dereva wa gari la tatu alipoona Waziri anamwacha, alishtuka. Kazi yake ilikuwa kuwa nyuma ya Waziri kwa hatua kumi, liwe liwalo. Akakanyaga mafuta. Gari likavuma kuja.

Tindo akapuliza filimbi kwa pumzi zake zote. Umati mzima, waliokaa na waliosimama, ukapaza sauti: “Kaa kushoto, Mheshimiwa! Kaa kushoto!”

Katika watu wote waliokuwapo, mmoja tu ndiye aliyejua maneno hayo yana maana gani, naye alikuwa juu ya baiskeli. Alifanya vile vile alivyomaanisha. Alipindisha usukani, akabana ukingo wa kushoto kabisa wa lami ili gari lipite.

Benchi lilikuwa pale likimngoja, likitabasamu.

Gurudumu la mbele liligonga uso wa Waziri aliyechorwa, na Waziri mwenyewe akapaa juu ya kiegemeo, akatua ng’ambo kwenye matuta ya viazi vitamu. Kukawa kimya. Na kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa amenyamaza, watu wakapiga makofi.

Bendi ikaingia.

*

Aliibuka akiwa mzima, ana tope magotini na jani la kiazi sikioni. Akalitazama benchi.

“Nani ameweka kitu hiki...” alisema, akavuta pumzi.

Makofi.

Katibu wa Wizara alikimbia akiwa na kitambaa cha kufutia tope. “Ni utekelezaji wa kauli yako, Mheshimiwa.”

“Lakini kauli yangu mimi ilisema...” Akavuta pumzi.

Makofi, na kigelegele kimoja.

“Jamani, mimi nilisema kwamba...”

Makofi makubwa zaidi, maana sasa ilionekana ni hotuba. Waziri alijikung’uta magoti. Akaangalia umati, akaangalia bendi, akaangalia sufuria za pilau zikiteremshwa kutoka kwenye lori. Kisha akapokea kitambaa, akatabasamu tabasamu dogo la kushukuru kwa kitu ambacho mtu hakukiomba.

Siwema alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale, mikono juu ya sanduku. Alilijua tabasamu lile. Alikuwa akilivaa mwenyewe kila siku, miaka miwili, mbele ya chupa ya nanasi.

Alilitikisa sanduku mara moja tena. Punje za mahindi zilikuwa zimekuwa punje za mtama.

“Naomba msipige makofi,” alisema.

Hakuna aliyesikia ila Tindo, aliyegeuka kwa mshangao, kwa kuwa wiki zote zile hakuwahi kumsikia akianza mazungumzo. Siwema akapiga kengele ya baiskeli yake. Akaipiga tena, bila kuacha, mpaka matarumbeta yakasita na vichwa vikageuka.

“Jamani!” alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. “Mwacheni avute pumzi!”

Makofi yakafa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, watu walisikia Waziri wao akipumua. Ilikuwa pumzi ya kawaida, yenye mluzi kidogo mwishoni.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” Siwema alisema akipiga goti kidogo. “Mimi ni wa zahanati ya Mtakuja. Hapa nina chanjo za watoto, na barafu inayeyuka. Mara mbili zimeharibikia kwenye haya mabenchi. Naomba unisamehe. Ulipotuambia tukae kushoto, ulimaanisha nini?”

“Kauli haiulizwi!” alifoka Katibu, akamtazama Tindo. “Wewe! Mkalishe!”

Tindo alivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. “Nimeishiwa na dakika, bosi,” alisema, ingawa maneno hayo hayakuwa na maana yoyote.

“Mkalishe Katibu!” aliita Mzee Ngwali kutoka kwenye majani. “Yeye ndiye amesimama!”

Waziri aliinua mkono. Watu wakanyamaza. Mikono kadhaa iliinuka kwa mazoea, Siwema akaitazama, ikashuka.

“Marahaba, binti,” alisema Mheshimiwa Makorongo, akalitoa jani sikioni, akalishika mkononi asijue alitupe wapi. “Hujui nimelingoja swali hilo muda gani.” Akavuta pumzi. Hakuna aliyepiga makofi, akapepesa macho kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta sakafu iko karibu kuliko alivyodhani. “Siku ile sikumaliza kusema. Mkapiga makofi, nikaletewa pilau. Asubuhi nikasoma gazetini kwamba wazo langu ni kubwa. Wakaja wageni kulisifu. Nikaona benchi la kwanza, lina sura yangu.” Akavuta pumzi tena, ndefu. “Nikaona haya.”

Siwema aliitikia kwa kichwa, taratibu.

“Sentensi ilikuwa na nusu yake ya pili,” alisema Waziri.

Aligeuka kulitazama gari la tatu, lililosimama katikati ya lami likingali likinguruma, na dereva aliyejificha nyuma ya usukani. Halafu akayatazama mengine kumi na matatu yaliyopangwa nyuma yake, yote ya Wizara. Akajikunjua kama siku ile jukwaani, akajaza kifua mpaka vifungo vikalalamika, akasema kwa pumzi moja tu:

“Mwendesha baiskeli akae kushoto, maana yake apite kushoto, aendeshe kushoto, aende zake! Na mwenye gari, nikiwamo mimi, apunguze mwendo ampishe! Basi! Ndiyo hiyo! Ondoeni mabenchi yote, na mumpishe huyu binti, ana barafu!”